Kusakinisha Usambazaji Maalumu wa Linux katika Kompyuta Mpakato Ndogo Isiyoungwa Mkono: Mfano wa Mashine za Bay Trail zenye Programu Dhibiti ya Biti 32

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa na kusakinisha usambazaji maalumu wa Linux katika kompyuta mpakato ndogo ambayo haimo katika orodha ya mashine zinazoungwa mkono. Mfano uliotumika ni kundi la mashine zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2014 zikiwa na prosesa za Intel za familia ya Bay Trail, hususani Asus EeeBook X205TA. Prosesa ya mashine hizi ni ya biti 64, lakini programu dhibiti yake ni ya biti 32. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya flashi nyingi za usakinishaji zisitambuliwe kabisa. Makala yanatetea hoja kwamba kauli "haiungwi mkono" hubeba hali tatu tofauti, kila hali ikiwa na tiba yake, na kwamba anayezichanganya hutupa mashine nzima au hupoteza data zake bila sababu ya msingi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 10 Januari 2023, kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya usalama ya Windows 8.1. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikafuata Windows 10. Kwa mwenye mashine mpya, tarehe hizo zilimaanisha kuhamia Windows 11 tu. Kwa mwenye Asus EeeBook X205TA, hapakuwa na mahali pa kuhamia. Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, ilhali mashine hii ina gigabaiti 2 za kumbukumbu na gigabaiti 32 za hifadhi, zote zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Haziwezi kuongezwa kwa kubadilisha kipande, kama ifanyikavyo katika kompyuta nyingine.

Jambo hili si la kiufundi pekee. Kompyuta mpakato ndogo hununuliwa na mtu mwenye uwezo mdogo: mwanafunzi, mwalimu wa shule ya msingi, mtafiti anayekwenda uwandani mahali ambapo umeme ni wa jua na mzigo ni wa kubeba begani. Mtu huyo akiambiwa kwamba mashine yake imekwisha muda, njia zinazobaki ni mbili: aendelee kuitumia bila masasisho, akiwa na mahojiano ya watafitiwa wake ndani ya diski isiyo na ulinzi, au aiache kabani na kuazima ya mwenzake. Njia zote mbili zina gharama. Ya kwanza inagusa maadili ya utafiti, kwa kuwa mtafitiwa aliahidiwa usiri; ya pili inagusa muda wa masomo.

Makala haya yanaonesha njia ya tatu. Msomaji anayekusudiwa ni yule anayeweza kuandika amri katika dirisha la tamina na kusoma ujumbe wa kosa bila kuukimbia, hata kama hajawahi kutengeneza usambazaji wake mwenyewe.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi nne zinahitaji kufafanuliwa ili hoja ieleweke.

Netibuku ni kompyuta mpakato ndogo, nyepesi na ya bei ya chini, iliyokusudiwa kazi za kuandika na kutumia intaneti. Aina hii ilipata umaarufu mwaka 2007 kwa Asus Eee PC 701, iliyokuwa na skrini ya inchi 7 na hifadhi ya gigabaiti 4. Inafaa kukumbuka kwamba mashine hiyo iliuzwa ikiwa na Linux tangu kiwandani. Kwa hiyo, kusakinisha Linux katika netibuku ni kuirudisha katika asili yake.

Kiini ni programu inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya mashine. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Kinahitaji kuzungukwa na programu nyingine.

Usambazaji, ambao watumiaji wengi huuita distro, ni kiini cha Linux pamoja na programu zilizochaguliwa, zikapangwa na kufungwa ili zisakinishwe kwa pamoja. Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, ni miongoni mwa sambazaji kongwe zinazoendelea hadi leo. Usambazaji maalumu ni ule ambao mtumiaji ameutengeneza kutokana na usambazaji mama kwa kuongeza anavyovihitaji na kuondoa asivyovihitaji.

Programu dhibiti ni programu iliyohifadhiwa ndani ya vifaa vyenyewe. Programu dhibiti ya ubao mkuu ndiyo inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Hukagua vifaa, kisha hutafuta kipakiaji, yaani programu fupi inayokiita kiini. Zamani kazi hii ilifanywa na BIOS. Katika mashine za miaka ya karibuni hufanywa na UEFI.

3.0 Hali Tatu za Kutoungwa Mkono

Kauli kwamba mashine "haiungwi mkono" husemwa kana kwamba ina maana moja. Uchunguzi wa karibu unaonesha kwamba inabeba hali tatu.

Hali ya kwanza ni ya kibiashara: mtengenezaji au mwenye mfumo endeshi ameacha kutoa masasisho. Hali hii haisemi lolote kuhusu uzima wa vifaa. Prosesa iliyofanya kazi jana usiku haikuharibika kwa sababu tarehe imefika.

Hali ya pili ni ya mlangoni: flashi ya usakinishaji haianzi. Mtumiaji huchomeka flashi, huwasha mashine, na mashine huendelea na mfumo wa zamani kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Hapa wengi hukata tamaa, kwa kuwa hakuna hata ujumbe wa kosa wa kusoma. Hata hivyo, kikwazo mara nyingi ni faili moja tu lisilokuwepo.

Hali ya tatu ni ya viendeshi: mfumo unaanza, lakini kifaa fulani hakifanyi kazi. Wi-Fi haionekani, sauti haitoki, au mashine inaganda baada ya dakika kadhaa. Hali hii ndiyo inayohitaji subira, kwa sababu kila kifaa kina hadithi yake.

Umuhimu wa kutofautisha hali hizi ni kwamba tiba ya moja haiponyi nyingine. Anayejaribu sambazaji kumi mfululizo ilhali tatizo lake ni la mlangoni atashindwa mara kumi. Vilevile, anayelaumu programu dhibiti kwa ajili ya Wi-Fi isiyofanya kazi anatafuta maji palipo na moto.

4.0 Chanzo cha Tatizo la Mlangoni

Prosesa ya Intel Atom Z3735F iliyomo katika X205TA na mashine nyingine nyingi za kundi hili ina viini vinne vya uchakataji na inaelewa maelekezo ya biti 64. Hata hivyo, mashine hizi ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32, na watengenezaji waliziwekea UEFI ya biti 32. Nyingi hazikuwekewa njia ya kuiga BIOS ya zamani, kwa hiyo UEFI ndiyo mlango pekee.

UEFI inapotafuta kipakiaji katika flashi, hutazama ndani ya saraka ya EFI/BOOT na kutafuta faili lenye jina linalolingana na aina yake. UEFI ya biti 64 hutafuta BOOTX64.EFI. UEFI ya biti 32 hutafuta BOOTIA32.EFI. Sambazaji nyingi za biti 64 huweka faili la kwanza tu, kwa dhana kwamba prosesa ya biti 64 lazima iende na UEFI ya biti 64. Kwa sambazaji nyingi za biti 32 hali ilikuwa kinyume: zilidhani kwamba mashine ya biti 32 ni ya zamani na inatumia BIOS, hivyo hazikuweka faili lolote la UEFI. Netibuku ya Bay Trail ikaanguka katikati ya dhana mbili, ikakosa pa kushika.

Upande wa kiini, tatizo lilishughulikiwa mapema. Tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014, kiini cha Linux cha biti 64 kinaweza kujengwa kwa namna inayokiwezesha kuwasiliana na UEFI ya biti 32. Debian 8, iliyotolewa Aprili 2015, ilikuwa miongoni mwa sambazaji za awali kuweka uwezo huo katika kisakinishi chake. Kwa hiyo, anayetengeneza usambazaji wake leo hahitaji kubuni jambo jipya. Anahitaji kuhakikisha kwamba kipakiaji cha biti 32 kimo ndani, katika flashi na katika diski baada ya usakinishaji.

5.0 Maandalizi

5.1 Kuhifadhi kilichopo

Hatua ya kwanza haihusu Linux. Data zote zilizomo katika mashine zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Usakinishaji unaoelezwa hapa unafuta hifadhi yote ya ndani, ikiwemo sehemu ya kurejesha Windows. Hakuna amri ya kuirudisha.

5.2 Kuitambua mashine

Kabla ya kufuta chochote, mashine iwashwe kwa flashi yenye Linux ya majaribio na taarifa mbili zisomwe. Ya kwanza ni ya prosesa:

lscpu

Mstari unaoonesha namna za utendaji ukitaja biti 32 na biti 64 kwa pamoja, prosesa ni ya biti 64. Ya pili ni ya programu dhibiti:

cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size

Jibu likiwa 32, mashine ni ya kundi linalozungumziwa. Likiwa 64, hakuna tatizo la mlangoni na sehemu kubwa ya makala haya haimhusu msomaji. Ikiwa faili hilo halipo kabisa, mashine imewashwa kwa njia ya BIOS.

Ili flashi hiyo ya majaribio ianze, ni lazima iwe na faili la BOOTIA32.EFI. Msomaji asitegemee maelezo ya ukurasa wa kupakulia. Aifungue flashi katika kompyuta nyingine na kutazama kwa macho yake ndani ya saraka ya EFI/BOOT. Faili likiwepo, aendelee. Lisipokuwepo, aachane na flashi hiyo.

5.3 Kuandaa intaneti

Wi-Fi inaweza isifanye kazi mwanzoni. Njia rahisi zaidi ni simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwashwa huduma ya kugawa intaneti. Kiini cha Linux huiona simu hiyo kama kifaa cha kawaida cha mtandao wa waya, bila kuhitaji kiendeshi cha ziada. Kwa kuwa mashine hizi zina matundu machache ya USB, kitovu kidogo cha kuongeza matundu kitafaa.

6.0 Kutengeneza Usambazaji Maalumu

Swali linaloweza kuulizwa ni hili: kwa nini kutengeneza usambazaji ilhali Debian ya kawaida inaweza kusakinishwa? Zipo sababu tatu. Kwanza, hifadhi ya gigabaiti 32 haina nafasi ya programu zisizotumika. Pili, marekebisho yote ya mashine hii yanaweza kuwekwa ndani ya faili moja la ISO, ili anayefuata asianze upya. Tatu, na hii ni muhimu kwa taasisi, maabara yenye mashine ishirini za aina moja itafanya kazi ya kufikiri mara moja na kazi ya kusakinisha mara ishirini.

Zana inayopendekezwa ni live-build, inayotolewa na Debian yenyewe. Kazi hii ifanyike katika kompyuta nyingine yenye nguvu zaidi, inayotumia Debian ya biti 64. Baada ya kusakinisha kifurushi cha live-build, saraka tupu iundwe, na ndani yake iandikwe amri ya kusanidi:

lb config --distribution bookworm --archive-areas "main contrib non-free-firmware" --bootloaders grub-efi --debian-installer live --bootappend-live "boot=live components intel_idle.max_cstate=1"

Amri hii inachagua Debian 12, inaruhusu vifurushi vya programu dhibiti zisizo huria, inachagua kipakiaji cha GRUB kwa UEFI, na inaweka kisakinishi ndani ya flashi. Kipengele cha mwisho kinahusu tatizo la kuganda, linalojadiliwa katika sehemu ya 8.2.

Kisha liundwe faili la orodha ya vifurushi ndani ya saraka ya config/package-lists, lenye jina linaloishia na .list.chroot. Orodha inayofaa kwa kazi ya uandishi na utafiti ni hii:

xfce4 lightdm network-manager-gnome firefox-esr libreoffice-writer hunspell-sw firmware-brcm80211 firmware-intel-sound alsa-ucm-conf grub-efi-ia32-bin zram-tools

Kila jina lina sababu yake. Xfce ni mandhari nyepesi ya kazi. Vifurushi viwili vya firmware vinahudumia Wi-Fi na sauti. Kifurushi cha grub-efi-ia32-bin ndicho kinachobeba kipakiaji cha biti 32. Hunspell-sw ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, bila kamusi hiyo karibu kila neno litapigiwa mstari mwekundu.

Hapa inafaa kutaja kwamba Kiswahili si mgeni katika programu huria. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yaani programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Vilevile, maktaba kuu ya mifumo ya Linux ina mipangilio ya lugha kwa Tanzania na Kenya, inayotambulika kama sw_TZ na sw_KE. Anayetengeneza usambazaji wake anaweza kuifanya mipangilio hiyo iwe ya msingi, ili tarehe na majina ya siku yaonekane kwa Kiswahili tangu mashine inapowashwa mara ya kwanza.

Faili lolote litakalowekwa ndani ya config/includes.chroot litanakiliwa katika mfumo likiwa mahali palepale. Kwa mfano, mwongozo wa mtumiaji unaweza kuwekwa katika njia ya etc/skel ndani ya saraka hiyo, na kila mtumiaji mpya ataukuta katika folda yake.

Baada ya hapo, amri moja hukamilisha kazi:

sudo lb build

Amri hii hupakua vifurushi vyote, hivyo inahitaji intaneti ya uhakika. Matokeo yake ni faili la ISO. Kabla ya kuliandika kwenye flashi, lifunguliwe na kukaguliwa: BOOTIA32.EFI ionekane. Ukaguzi huu wa nusu dakika unaokoa saa nyingi.

Faili la ISO huandikwa kwenye flashi kwa amri ya dd. Jina la flashi lithibitishwe kwanza kwa amri ya lsblk, kwa kulinganisha ukubwa. Dd haiulizi swali. Ikielekezwa kwenye diski isiyo sahihi, itaiandika juu bila onyo.

7.0 Usakinishaji

Mashine iwashwe huku kitufe cha F2 kikibonyezwa ili kuingia katika mipangilio ya UEFI, na kipengele cha Secure Boot kizimwe. Mipangilio ikishahifadhiwa, mashine iwashwe tena huku kitufe cha Esc kikibonyezwa ili kupata orodha ya vifaa vya kuanzia, kisha flashi ichaguliwe. Vitufe hivi ni vya Asus. Watengenezaji wengine hutumia vingine.

Kabla ya kuanza kusakinisha, mfumo utumike kwanza kutoka kwenye flashi kwa muda usiopungua saa moja. Wi-Fi, skrini, kibodi, kipanya cha mguso na sauti vikaguliwe. Hatua hii haigusi diski, na ndiyo fursa ya mwisho ya kughairi bila hasara.

Hifadhi ya ndani ya mashine hizi ni ya aina ya eMMC, na huonekana kwa jina la mmcblk0 badala ya sda lililozoeleka. Vigawanyo vyake huitwa mmcblk0p1, mmcblk0p2 na kuendelea. Pembeni yake huonekana pia mmcblk0boot0 na mmcblk0boot1. Hivyo ni sehemu maalumu za hifadhi na visiguswe.

Mpangilio unaopendekezwa ni rahisi. Kigawanyo cha kwanza kiwe cha UEFI, chenye megabaiti 500 na mfumo wa FAT32. Kigawanyo cha pili kichukue nafasi yote iliyobaki, kikiwa na mfumo wa ext4. Kigawanyo cha kubadilishana kumbukumbu kisiwekwe, kwa sababu eMMC huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara na kasi yake ni ndogo. Kazi hiyo itafanywa na zram, inayobana data ndani ya kumbukumbu yenyewe.

Kisakinishi cha Debian huitambua UEFI ya biti 32 na kuweka kipakiaji kinachofaa. Hata hivyo, ikitokea kwamba usakinishaji umekamilika lakini mashine haianzi, tatizo ni lilelile la mlangoni, safari hii likiwa ndani ya diski. Tiba yake ni kuwasha tena kwa flashi na kuandika amri hizi kama mtumiaji mkuu:

mount /dev/mmcblk0p2 /mnt
mount /dev/mmcblk0p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
grub-install --target=i386-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub

Amri ya tano ndiyo moyo wa jambo lote. Kipengele cha i386-efi kinaagiza kipakiaji cha biti 32, na kipengele cha mwisho kinakiweka kwa jina la BOOTIA32.EFI mahali ambapo UEFI hutazama bila kuelekezwa. Kiini kinabaki kuwa cha biti 64. Kinachobadilika ni mlango tu.

8.0 Marekebisho Baada ya Usakinishaji

8.1 Wi-Fi

Kifaa cha Wi-Fi katika X205TA ni cha Broadcom, na hakikuunganishwa kwa njia iliyozoeleka katika kompyuta mpakato bali kwa SDIO, njia itumikayo zaidi katika simu na tabuleti. Kiendeshi chake, brcmfmac, kinahitaji mafaili mawili: programu dhibiti yenyewe, inayopatikana katika kifurushi cha firmware-brcm80211, na faili la mipangilio linaloeleza sifa za redio kwa aina hiyo mahususi ya mashine. Faili la pili haliwezi kutolewa na Debian kwa mashine zote, kwa kuwa hutofautiana.

Mtengenezaji alilihifadhi faili hilo ndani ya UEFI. Viini vya miaka ya karibuni hulisoma humo vyenyewe. Katika viini vya zamani, hunakiliwa kwa mkono kutoka saraka ya /sys/firmware/efi/efivars, ambamo huonekana kwa jina linaloanza na nvram, kwenda /lib/firmware/brcm kwa jina la brcmfmac43340-sdio.txt. Anayekutana na tatizo la Wi-Fi aanze kwa kusoma ujumbe wa kiini:

sudo dmesg | grep brcmfmac

Ujumbe huo hutaja jina la faili linalotafutwa. Mara nyingi jibu limo humo.

8.2 Kuganda

Prosesa za Bay Trail zilipata sifa mbaya kwa kuganda ghafla chini ya Linux. Chanzo kilihusishwa na namna prosesa inavyoingia katika usingizi mzito ili kuokoa umeme na kushindwa kuamka. Viini vipya vimepunguza sana tatizo hili, lakini mashine inayoendelea kuganda inaweza kutulizwa kwa kuweka kipengele cha intel_idle.max_cstate=1 katika faili la /etc/default/grub na kuandika update-grub.

Tiba hii ina bei: prosesa inazuiwa kulala usingizi mzito, na betri huisha mapema zaidi. Kwa hiyo haifai kuwekwa kwa mazoea. Mtumiaji ajaribu kwanza bila kipengele hicho kwa siku kadhaa. Mashine ikitulia, asikiweke. Kwa mtafiti aliye mbali na umeme, saa moja ya betri ni mahojiano mawili.

8.3 Sauti na kumbukumbu

Sauti ikikosekana, mara nyingi si kwa sababu kiendeshi hakipo, bali kwa sababu mfumo umechagua mkondo wa HDMI badala ya spika. Mtumiaji afungue dirisha la sauti na kuchagua mkondo sahihi kabla ya kubadilisha chochote kingine. Kifurushi cha alsa-ucm-conf hubeba maelezo ya namna ya kuwasha spika na maikrofoni katika mashine za aina hii.

Kuhusu kumbukumbu, gigabaiti 2 zinatosha kwa kuandika, kusoma mafaili ya PDF na kusikiliza rekodi za uwandani. Hazitoshi kwa kivinjari chenye vichupo ishirini. Hili ni suala la nidhamu ya mtumiaji, wala hakuna usambazaji unaoweza kulibadilisha.

9.0 Mjadala

Hoja inayoweza kupingwa ni kwamba juhudi hizi zote zinazidi thamani ya mashine. Ikiwa kinachohesabiwa ni bei ya mashine moja mnadani, hoja hiyo ina nguvu. Lakini hesabu hiyo inaacha mambo mawili. La kwanza ni kwamba maarifa hayafungwi katika mashine: aliyeelewa uhusiano wa programu dhibiti, kipakiaji na kiini anaweza kuutumia katika kompyuta yoyote inayokataa kuwaka. La pili ni kwamba faili la ISO lililotengenezwa mara moja hunakiliwa bila gharama. Mashine ya kwanza ni ghali. Ya pili ni nafuu. Ya kumi ni karibu ya bure.

Hata hivyo, mipaka ipo na isifichwe. Mashine ambayo eMMC yake imeanza kutoa makosa ya kusoma haifai kukabidhiwa tasnifu, hata mfumo wake uwe mwepesi kiasi gani, kwa kuwa kipande hicho hakibadilishwi. Betri iliyovimba itolewe kazini mara moja. Tena, mfumo maalumu unahitaji mwangalizi: Debian hutoa masasisho ya usalama, lakini lazima awepo mtu wa kuyapokea na kuhakikisha kwamba sasisho la GRUB halikuacha kipakiaji cha zamani mlangoni. Taasisi isiyo na mtu huyo isigawe mashine hizi kwa wanafunzi na kuwaacha.

Jambo jingine ni la mgawanyo wa wajibu. Watengenezaji waliweka UEFI ya biti 32 katika mashine ya biti 64 kwa sababu iliendana na mfumo walioukusudia kuuza. Uamuzi huo haukuwa kosa la kiufundi kwa siku ile, lakini ulifunga mlango wa siku zijazo kwa mnunuzi ambaye hakuulizwa wala kuelezwa. Anayenunua mashine za mtumba kwa niaba ya shule au maktaba anapaswa kuuliza maswali mawili ambayo kwa kawaida hayamo katika tangazo la bei: je, kumbukumbu na hifadhi vinabadilishwa? Je, programu dhibiti ni ya biti ngapi?

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba netibuku isiyoungwa mkono inaweza kuwa na matatizo ya aina tatu, na kwamba hatua ya kwanza ya tiba ni kutambua ni lipi lililopo. Kusitishwa kwa masasisho hutibiwa kwa mfumo mwingine unaoendelea kutunzwa. Flashi kutotambuliwa katika mashine za Bay Trail hutibiwa kwa kipakiaji cha biti 32 katika flashi na katika diski. Vifaa visivyofanya kazi hutibiwa kimoja kimoja, kwa kusoma ujumbe wa kiini kabla ya kubahatisha.

Inapendekezwa kwamba idara za vyuo vikuu zenye wanafunzi wanaotumia mashine za aina hii ziandae faili la ISO la pamoja lenye kamusi ya tahajia ya Kiswahili na zana za msingi za utafiti, na zimteue mtu wa kulitunza. Inapendekezwa pia kwamba kila mwanafunzi anayesakinisha mfumo mpya aandike, kwa Kiswahili, aina ya mashine yake, toleo la kiini na marekebisho aliyoyafanya, na maandishi hayo yahifadhiwe mahali ambapo wengine watayapata. Mwenye mashine kama hiyo atakayekuja baadaye atahitaji mstari mmoja tu wa maelezo hayo ili asiitupe.